Mwanamke Aliyekalia Sanduku

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akimposa mwanamume alikuwa na urefu wa futi kumi, hakuwa na rangi ila nyeusi na nyeupe, na alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kinole. Alikuwa amekalia sanduku la mwanamume huyo katikati ya stesheni ya reli, mguu mmoja juu ya mwingine, na treni ilikuwa imekwisha kupiga honi. Mwezi uliopita niliitwa Kinole, kijiji cha milimani Uluguru, nikakaribishwa mkekani mbele ya watu wa ukoo, nikaulizwa kama maneno aliyoyatamka pale yalikuwa yake au ya rafiki yangu Zuhura, aliyekuwa akimtafsiri. Zuhura tulikuwa tumemzika siku tisa kabla. Jibu langu lingesaidia kuamua kama mumewe, Idrisa, mzee anayekaribia miaka themanini, ataendelea kulala katika nyumba aliyolala zaidi ya nusu ya maisha yake.

Nieleze kwa mpangilio, maana ndivyo kazi ya magazeti ilivyonizoesha. Mwaka ninaousema nilikuwa sijaingia gazetini bado. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua za kazi zisizofika, na huku nasubiri nilikata tiketi katika ukumbi wa sinema wa Bwana Kantilal, mjini Morogoro. Nilikaa chumba kimoja na Zuhura, mtaa wa Mwembesongo. Yeye alinizidi miaka minne. Alifagia ukumbi asubuhi, na wakati wa maonyesho aliwaongoza watu kwenye viti kwa tochi. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, meza iliyotegeshwa kwa kipande cha tofali, na dirisha lililotazama Milima ya Uluguru, ambayo siku nyingi za mwaka ule hatukuiona kwa mawingu, ingawa tulijua ipo kama mtu anavyojua mwenzake yupo chumba cha pili. Chini ya kitanda Zuhura aliweka mfuko wa karafuu za shamba la mama yake. Kila kitu chetu kilinukia karafuu, hata cheti changu cha shule. Nilipokuja kukitoa kwa mhariri, alikinusa kwanza kabla ya kukisoma.

Kila Jumapili lori lilileta kutoka Kinole mkungu wa ndizi wa Zuhura, na kwa hiyo wiki nzima tulikula ndizi: za nazi, za kuchoma, za kuchemsha na dagaa. Ijumaa alikuja mgeni, naye ni Idrisa, mchezesha mashine ya sinema, Mnyamwezi wa Tabora, kijana mrefu mwenye vidole vilivyojaa alama za kuungua na taa ya mashine. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na hao wawili waliutumia utani wao kama watu wengine wanavyotumia chumvi. Idrisa angeketi mlangoni, aulize kama ni kweli huko milimani mwanamume ndiye huolewa. Zuhura angemjibu bila kugeuka kutoka jikoni kwamba huolewa, na akiwa mlaji kama Mnyamwezi hurudishwa kwao kabla ya mavuno. Mimi nilikuwa katikati yao na sahani yangu, nikicheka. Ilinichukua miezi mingi kutambua kwamba hawakuwa wakinichekesha mimi.

Jumatano alasiri ukumbi ulikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Liliitwa zanana, neno tulilolikuta kwa akina mama wa Kihindi walioanzisha desturi hiyo, na siku hiyo hakuna mwanamume aliyevuka pazia la mlangoni. Bwana Kantilal mwenyewe alibaki nje kwenye kaunta na gazeti lake. Mwanamume pekee aliyekuwamo ni Idrisa, kwa kuwa mashine haikuwa na mwanamke wa kuiendesha. Alipanda ngazi ya nyuma kabla ya wanawake kufika, akajifungia katika chumba chake cha juu, na sharti lilikuwa moja: sauti yake isisikike. Mkanda ukikatika, angeuunga kimya. Ukumbi ukipiga kelele, asijibu. Wanawake walivua buibui na kanga za kichwani, wakanyonyesha watoto, wakala bisi na mihogo, wakasema wanavyotaka. Kwa saa mbili katika wiki wake wa makarani wa reli, wa wafanyakazi wa viwandani na wa wenye maduka waliketi safu moja.

Mwaka ule mikanda ya Kihindi ilichelewa kufika, na Bwana Kantilal, ili asifunge, akafungua kasha la sinema za zamani za Kimarekani alilolikuta wakati aliponunua ukumbi. Zilikuwa za kuchekesha, za enzi ambazo sinema zilikuwa zimeanza kusema juzijuzi na hazikutaka kunyamaza tena. Karatasi za majina zilikuwa zimeliwa na mende, naye akaandika kwa chaki juu ya makopo: Komedi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu haikuwa hata na mwanzo. Kipande chenye majina ya waigizaji kilikuwa kimekatika. Ndiyo maana hadi leo sijui yule mama aliitwa nani. Sisi tulimwita Mama Sanduku.

Alikuwa na nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni. Akaja mchuuzi wa miavuli, mwanamume mwembamba mwenye woga, akapanga chumba, na kabla hajamaliza kukunja mwavuli wake mama yule alikuwa amekwisha kuamua kwamba huyu hatoki. Habari yote ilikuwa hiyo. Mchuuzi anatoroka, mama anamrudisha. Kwa baiskeli, kwa uongo, mara moja kwa kumwaga maji ngazini ili ateleze. Alizungumza haraka kama cherehani. Nilikuwa na alama nzuri za Kiingereza, lakini kwa kila sentensi tano alizosema niliambulia mbili. Wanawake ukumbini hawakuambulia hata moja, na Jumatano ya kwanza walianza kuguna na kuinuka. Hapo Zuhura akateremka mpaka mbele na tochi yake, akasimama kando ya kitambaa cha sinema, akasema, "Kaeni, mama zangu. Huyu bwana anataka kwenda zake, na huyu mama anamwambia viatu vyake vimelowa." Wakakaa. Wiki iliyofuata Bwana Kantilal akampa kipaza sauti cha matangazo.

Zuhura alisoma mpaka darasa la nane. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kutoka darasani. Hakuwa akitafsiri, alikuwa akitazama mabega ya yule mama na kusema kile ambacho mabega yale yangesema kama yangekuwa ya Kinole. Na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo sidhani lingeweza kutokea mahali pengine. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamke hubaki kwenye shamba la mama yake, na mwanamume anayemwoa mara nyingi ndiye huhamia. Zuhura alipomwona mwanamke mwenye nyumba, na mwanamume aliyekuja na sanduku, hakuona kioja chochote cha Kimarekani. Aliona mkwe. Sentensi aliyompa Mama Sanduku, iliyokuja kusemwa sokoni kote miezi ile, ilikuwa hii: "Nyumba hii ya mama yangu. Wewe ndiye uliyekuja."

Akina mama wa milimani walipiga makofi kama waliokutana na ndugu. Wa kwingine walishangaa. Mama Stella, mke wa karani wa reli, mwenyeji wa Moshi, aligeuka na kuuliza safu ya nyuma ni ukoo gani huo ambao mwanamume anaingia kama mpangaji. Mama mmoja muuza mboga wa Kibungo, hukohuko milimani, akamwambia, "Ukoo wenye shamba, mama." Nilikuwa na daftari la shule lenye kurasa zilizobaki, na kwa sababu nisiyoijua nilianza kuandika humo waliyoyasema. Sikuandika sinema. Niliandika watu walivyoisikia. Miaka mingi baadaye, nikihoji watu kwenye mikutano na mahakamani, nilikuwa bado nafanya kazi ileile ya Jumatano.

Nimejiuliza mara nyingi mama yule alitushika kwa lipi. Uzuri aliokuwa nao ulikuwa wa kawaida. Pua yake ilikuwa kubwa, na nywele zake zilionekana kana kwamba alizikata mwenyewe kwa hasira. Wanawake wazuri tulikuwa nao tele katika mikanda ya Kihindi, nao walilia kwa ustadi. Huyu hakulia. Alianguka kwenye matope mara tatu katika sinema ile, na mara zote tatu aliinuka akiwa katikati ya sentensi, akaimalizia. Nadhani ni hapo. Tulilelewa tukijua kwamba aibu ya mwanamke ni kama yai, ikidondoka haizoleki. Huyu yake ilidondoka mbele ya stesheni nzima na hakuinama hata kuitazama. Mama Stella, aliyempinga kwa mdomo kila wiki, hakukosa hata Jumatano moja. Siku moja nilimwona nje ya ukumbi akijaribu kutembea kama yeye, bega moja mbele, kikapu mkononi. Aliponiona akaanza kuchechemea kana kwamba mguu unamuuma.

Karibu na mwisho wa mvua za masika barua ilikuja kutoka Tabora. Baba yake Idrisa alikuwa mgonjwa na alitaka mwanawe arudi, ashike shamba, aoe. Ijumaa ile hakukuwa na utani. Nilikuwa uani nikiosha vyombo, na dirisha letu halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia bila kusogea. Idrisa alimwambia waende wote. Tabora kuna nyumba ya matofali na watu wema. Zuhura akamweleza taratibu, kama anayehesabu kete za bao, kwamba kwa mama yake amezaliwa peke yake. Akienda Tabora, shamba la Kinole, karafuu, migomba na makaburi, vitakwenda kwa watoto wa mama mdogo, na mama yake atazeeka kwenye ardhi inayosubiriwa na wengine. Nikaona haya hata kugonga sufuria.

"Nije nikae kwenye shamba la mama yako," Idrisa akasema, "niitwe nani?"

"Uitwe Idrisa."

Idrisa alikata tiketi ya treni ya Alhamisi. Jumatano, siku moja kabla, alikuwa na zamu ya mwisho, na sinema ilikuwa Komedi ya tatu. Nilifunga kidirisha cha tiketi mapema nikaingia. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini, kwa sababu mji mzima ulijua mambo ya watu hawa wawili isipokuwa Bwana Kantilal. Zuhura alivaa kanga mpya na alitafsiri vibaya kuliko siku zote. Aliruka maneno, akamwacha mchuuzi anaongea peke yake. Ikafika stesheni. Mchuuzi anatafuta sanduku lake, anageuka, na mama amelikalia. Treni inapiga honi. Mama anamtazama kuanzia viatu kwenda juu, anasema sentensi moja fupi, na mahali hapo mkanda ulikuwa na mkwaruzo wa zamani uliounguruma kama mchanga kwenye bati. Siku zote Zuhura alisema hapo, "Wewe ndiye uliyekuja." Siku ile alikipeleka kipaza sauti karibu na mdomo, akaacha kutazama kitambaa. Alitazama juu, kwenye kitundu cha mashine, kule mwanga ulikotokea, akasema, "Nimekaa. Sanduku lako nimelikalia, na sitainuka. Kama unakwenda, nenda bila nguo. Kama unakuja, njoo. Nimekuita mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Mchuuzi pale kitambaani alifungua mdomo kumjibu mama, na mkanda ukakatika. Kama ulikatika wenyewe au ulikatwa, sikujua. Kitambaa kikabaki cheupe kitupu, mwanga wake ukituangazia nyuso zote, mamia ya wanawake na watoto wao, na kutoka juu hakukuja sauti, kwa kuwa sauti ya Idrisa haikuruhusiwa. Kisha kwenye ule weupe kikatokea kivuli cha mkono. Mkono mkubwa kuliko mlango. Ulifungua vidole, ukavikunja ngumi, ukagonga hewani mara tatu. Mtoto mmoja akauliza mama yake ule mkono unafanya nini. Mama Stella ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuvunjika: "Anapiga hodi." Na ukumbi mzima, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitika mlangoni kwake, ukasema, "Karibu."

Treni ya Alhamisi iliondoka bila yeye. Alikwenda Tabora miezi miwili baadaye kumzika baba yake, akarudi, na siku ya ndoa niliwasindikiza Kinole juu ya lori la ndizi, sanduku lake la mbao likiwa kati ya miguu yetu. Wiki iliyofuata barua ya gazeti ikanifikia, nikaenda Dar es Salaam. Nilikuwa nikiwatembelea, si mara nyingi kama nilivyopaswa. Hawakujaliwa mtoto. Idrisa alijifunza kuchuma karafuu akiwa na hofu ya ngazi iliyomwandama hadi uzee, na watu wa Kinole walimwita Mnyamwezi, kwa upendo, miaka yote. Hawakuacha kumwita hivyo.

Sasa Zuhura amekufa, na shamba limerudi kwa ukoo. Msemaji wa ukoo ni Mzee Ramadhani, mtoto wa yule mama mdogo, mtu mpole aliyenimiminia chai kwa mkono wake. Walikuwa kumi na mmoja sebuleni, na karafuu zilikuwa zimeanikwa ubarazani, kwa hiyo harufu ilinirudisha Mwembesongo kabla sijaketi. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, kisha akanieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Kwao mume aliyejileta mwenyewe, mkewe akifa bila mtoto, hupewa heshima zake na kusindikizwa kwa ndugu zake. Mume aliyeitwa na mwenye nyumba ni jambo jingine. Huyo hatolewi na mtu. Wajomba waliopokea posa wamekufa wote. Idrisa anasema aliitwa. Lakini wapo wanaosema zile zilikuwa sinema, na wengine wanasema ulikuwa utani tu wa Mluguru na Mnyamwezi. "Wewe mama ulikuwepo," akasema. "Na Kiingereza ulikijua. Yule mwanamke alisema nini hasa? Kama Zuhura alikuwa anatafsiri, basi hakuita mtu."

Idrisa alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono magotini, ananitazama. Vidole vyake bado vina alama za ile taa. Nilijua ni jibu gani linalotakiwa na ukweli, na ni lipi linalotakiwa na mimi, na kwa miaka yangu yote kazini nimezoea kujua, hayo mawili yakiachana, nifuate lipi. Nikawaambia nilichokisikia. Nilisikia neno la kwenda, na nilisikia neno la pamoja. Nani anakwenda na nani, mkwaruzo ulimeza. Huenda mama yule alisema njoo nami. Huenda alisema nitakwenda nawe popote, na kama ni hivyo, basi yule mwanamke tuliyempenda mwaka mzima hakuwa yule wa Marekani kabisa. Nikawapa maneno ya Zuhura kama yalivyo kwenye daftari langu, ambalo bado ninalo, pamoja na lile la mwisho: nimekuita mbele ya watu. Nikawaeleza mkono, na hodi tatu.

"Kumbe alipiga hodi," Mzee Ramadhani akasema. "Basi apigaye hodi ndiye aliyejileta."

"Ameitwa kwanza, ndipo akapiga hodi," nikasema. "Na akaitikiwa."

"Aliitikiwa na nani? Zuhura alisema karibu?"

Nikairudia Jumatano ile kichwani. Nilikuwa safu ya nne, upande wa ukuta. Niliwasikia wanawake wote kwa pamoja. Nilimwona Zuhura ameteremsha kipaza sauti, na midomo yake sikuiona, kwa sababu alikuwa amegeukia kitambaa, kwenye ule mkono. Nikasema, "Sikumsikia." Idrisa akainamisha kichwa, kidogo tu, kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Shauri likaahirishwa hadi baada ya arobaini. Mzee Ramadhani akasema kwamba neno la mwisho si lake wala la wanaume waliopo. Ni la Asha, mtoto wa dada yake, ambaye nyumba inamwangukia. Asha ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa kilimo katika chuo cha Mazimbu. Alikuwa ameketi nasi muda wote, na sasa alikuwa ameondoka sebuleni kwenda kuandaa chakula. Nilitoka kumtafuta, kwa nia ya kumwuliza kama Zuhura aliwahi kumsimulia habari za Mama Sanduku.

Nilimkuta ubarazani. Mtu, sikuambiwa nani, alikuwa amekwisha kutoa vitu vya Idrisa na kuvipanga kando ya mlango: mwavuli, radio, koti, na lile sanduku la mbao. Viti viwili vilikuwa vitupu hatua tatu kutoka hapo. Asha alikuwa amekalia sanduku, mguu mmoja juu ya mwingine, ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe na kuyatupa uani moja moja. Akaniamkia. Nikaitikia. Baadaye wakaita chakula, wageni wakapita kuingia ndani, na Idrisa akaja akasimama mbele yake. Asha akaendelea kuchambua mchele.